Ubabe barabarani ukifika kwa hakimu

Lami imeshaunganisha mji wa Tabora na Nzega, Sikonge na Urambo, na mwendo umeongezeka kuliko adabu. Safari hii tumekusanya barua zinazohusu madereva wababe na kesi zao. Jambo moja kabla ya majibu: hatutaji namba za vifungu, kwa sababu Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limepangua namba nyingi zilizozoeleka. Sheria zenyewe ni zilezile: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Namba inayokuhusu ni ile iliyoandikwa kwenye hati yako ya mashtaka.

Naendesha Hiace ya abiria, Nzega na Tabora. Nimekamatwa nikilipita lori, nimeshtakiwa kuendesha kwa njia ya hatari. Hakuna aliyeumia. Wenzangu kijiweni wanasema nikiri tu, nilipe faini, kesho yake niko barabarani. Je, niwasikilize? – Dereva, Nzega

Ndugu dereva, wenzako wanahesabu faini peke yake. Kukiri kuna mambo matatu mengine ambayo hawakukuambia.

La kwanza, ukishakiri na kutiwa hatiani huwezi kukata rufaa kupinga hatia. Unabaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si ya kisheria, isipokuwa uonyeshe kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa safi. La pili, kwenye makosa ya uendeshaji wa hatari mahakama ina mamlaka ya kukufungia leseni kwa muda, na kuendesha wakati umefungiwa ni kosa jingine linalojitegemea. Kwa mtu anayekula kwa usukani, hilo ni zito kuliko faini. La tatu, na hili ndilo watu hulijua wakiwa wamechelewa: Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho kamili wa hatia kwenye kesi ya madai. Kama lori lile lilichubuka, au abiria akaja kusema aliteguka bega, atakwenda na nakala ya hukumu yako mkononi. Kuhusu hatia yenyewe hutakuwa tena na la kubishania.

Kwa hiyo anza na hati ya mashtaka. Omba nakala kwa karani, usitegemee kusikia tu. Juu kuna jina la kosa na kifungu, chini yake kuna maelezo ya kilichotendeka. Kagua tarehe, mahali, namba ya gari, na zaidi ya yote angalia kama imesema *ulifanya nini*. Hati inayosema "uliendesha kwa hatari" bila kusema kama ulipita kwenye kona, ulivuka mstari usiokatika au ulimbana mtu pembezoni, ni hati ya kuilalamikia kabla hujajibu neno. Mwambie hakimu: "Mheshimiwa, sijaelewa ni kitendo gani ninachoshtakiwa nacho."

Kisha kuna hatua ambazo hakimu anapaswa kuzifuata, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizipanga tangu 1973. Anakusomea kosa kwa lugha unayoielewa. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu tangu 2021, lakini kama Kisukuma au Kinyamwezi ndicho unachokisikia vizuri, sema upewe mkalimani. Unajibu, na jibu lako linaandikwa kwa maneno yako mwenyewe, au karibu nayo kadiri inavyowezekana. Halafu mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, na wewe unaulizwa kama ni ya kweli. Hapa ndipo wengi wanapoponea, na ndipo wengi wanapozama. Ukisema "ni kweli, lakini lori lilinibana nikakosa pa kwenda," huko si kukiri. Hakimu anatakiwa kuandika kwamba umekana, na kesi isikilizwe. Ukinyamaza ukaitikia kwa kichwa ili yaishe, umeyakubali yote yaliyosomwa, pamoja na mwendo ambao hukwenda.

Kama kweli ulipita pabaya, kiri, hakuna ubaya, na kukiri mapema huhesabiwa wakati wa adhabu. Lakini kiri kile ulichokifanya. Tangu 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Yanaandikwa na yanapelekwa mbele ya mahakama. Pale ambapo ushahidi wote unaonyesha uzembe na si hatari, hayo ndiyo mazungumzo ya kuwa nayo na mwendesha mashtaka, mapema, ikiwezekana ukiwa na wakili. Yafanyike ofisini na kwa karatasi. Mtu akikuita pembeni ya mti wa mwembe akataka pesa ili "aliweke sawa", hayo si makubaliano, na namba ya TAKUKURU ni 113.

Nilikuwa abiria kwenye basi lililoleta ajali. Polisi wameandika maelezo yangu, sasa naitwa mahakamani. Niseme nini ili hakimu aelewe kuwa yule suka alikuwa muuaji? – Mwalimu, Urambo

Mwalimu, usimwite muuaji. Kazi ya kumpa jina ni ya hakimu, yako ni kumpa hakimu macho yako.

"Alikuwa anakimbiza sana" ni maoni, na wakili wa utetezi ataling'oa kwa swali moja: "Una ujuzi gani wa kupima mwendo?" Badala yake sema ulikaa kiti gani, ulikuwa unaona nini mbele, abiria walipiga kelele mara ngapi na walisema maneno gani, konda alijibu nini. Sema kama mstari wa katikati ulikuwa umekatika au haukukatika. Usibuni mita. Tumia vitu vilivyosimama: "Lori la mbele yetu lilikuwa kwenye karavati, na gari lililokuja lilikuwa limefika nguzo ya tatu ya umeme." Polisi wanaweza kurudi wakapima kutoka karavati mpaka nguzo ya tatu. Hakuna anayeweza kurudi kupima "mbali kidogo".

Tukupe hesabu, uone kwa nini kitu kidogo kama nguzo kina uzito. Basi likienda kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde. Lori linalokwenda 60 linaachwa kwa mita kama tano na nusu tu kila sekunde. Kulipita lori lenye tela, ukihesabu urefu wake, urefu wa basi na nafasi ya kutoka na kurudi, kunataka basi lipate karibu mita 60 zaidi ya lori. Hizo ni sekunde 11 hivi, na ndani yake basi limeshatembea mita 240 kwenye upande usio wake. Gari linalokuja nalo, kwa mwendo huohuo, limetembea mita 240. Dereva aliyeanza kupita akiwa na chini ya nusu kilomita ya barabara tupu mbele yake alikuwa anacheza kamari na nafsi za watu, hata kama spidi yake ilikuwa halali.

Na hapo ndipo ilipo tofauti ya uzembe na hatari. Uzembe ni kushuka chini ya uangalifu wa dereva wa kawaida: kutotazama kioo, kukaribia mno gari la mbele, kuchelewa kufunga breki. Hatari huangaliwa kwa mazingira yote, yaani mwendo, hali ya barabara, wingi wa watu, mwanga, na aina ya chombo, halafu hakimu anajiuliza kama kuendesha vile kuliwaweka wengine hatarini, na kama kosa lilikuwa la dereva. Ajali peke yake haithibitishi chochote kati ya hivyo. Tairi jipya linaweza kupasuka, ng'ombe anaweza kukurupuka kichakani. Ndiyo maana shahidi anayeeleza *kabla* ya mgongano ana thamani kuliko anayeeleza damu iliyomwagika baadaye.

Dalili za ubabe ambazo mahakama hupima vizuri, zikielezwa moja moja: kubandika gari nyuma ya mwenzio huku unapiga taa kali, kuchomekea, kupita upande wa kushoto kwenye njia ya baiskeli, kuongeza mwendo pale unapopitwa ili mwenzio akose pa kurudi, na kufunga breki makusudi mbele ya gari lingine. Hilo la mwisho ni gumu kulithibitisha bila shahidi aliyekaa mbele.

Ukiulizwa jambo usilolijua, jibu "sijui". Shahidi anayejua kila kitu ndiye wa kwanza kutiliwa shaka.

Assalaam alaykum. Mwanangu wa darasa la tano aligongwa na bodaboda Ipuli, amevunjika mguu, tulilazwa Kitete. Wazee wa kijana aliyemgonga wamekuja na shilingi laki mbili, wanasema tuyamalize kwa sababu kijana ni wa kwao. Nikipokea, kesi inakufa? – Mama, Tabora mjini

Wa alaykum salaam, mama. Pole kwa mtoto.

Kesi ya jinai si yako wala ya wazee wale, ni ya Jamhuri. Wewe ni mlalamikaji na shahidi. Kuipunguza au kuiondoa ni uamuzi wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na kupokea msaada wa matibabu hakuizimi. Kwa hiyo kama unahitaji dawa na nauli, pokea, lakini andika karatasi yenye tarehe, kiasi, na maneno haya: "msaada wa matibabu, si malipo ya mwisho ya fidia." Wasaini wao, usaini wewe, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Usisaini karatasi iliyoandikwa tayari inayosema huna madai yoyote tena. Mguu wa mtoto anayekua unaweza kuleta gharama baada ya mwaka.

Mambo ya kushika tangu leo: PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, na nakala yake ubaki nayo. Picha ya eksirei, stakabadhi za dawa, nauli za kwenda kliniki hata za bajaji ukiandika kwenye daftari kwa tarehe. Mguu ukipona vibaya, mrudishe mtoto kwa daktari na uombe ripoti mpya, maana PF3 huandikwa siku ya kwanza, wakati hakuna ajuaye kama atachechemea.

Halafu angalia bima ya pikipiki. Namba ya usajili inatosha kuhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa simu. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria na ipo kwa ajili ya watu kama mwanao. Uliza pia nani mmiliki, kwa sababu vijana wengi wanaendesha pikipiki za watu kwa hesabu ya siku, na mwenye chombo anaweza kuunganishwa kwenye madai.

Fidia ina milango miwili. Mahakama ya jinai ikimtia hatiani inaweza kuamuru alipe fidia, kwa hiyo mkumbushe mwendesha mashtaka aiombe kabla adhabu haijatolewa na umpe stakabadhi mapema. Mlango wa pili ni kesi ya madai, na ukomo wake wa kawaida ni miaka mitatu tangu siku ya tukio. Usingoje kesi ya jinai iishe ndipo uanze kutafuta wakili.

Mtoto mwenyewe anaweza kutoa ushahidi. Ataulizwa kwanza kama anaahidi kusema kweli na kutosema uongo. Msimkaririshe maneno. Kuhusu wazee, wapokeeni kwa heshima, hilo ni jambo la ujirani na mahakama haina ugomvi nalo.

Ramani ya ajali ilichorwa mimi niko hospitali. Naona gari langu limewekwa upande usio wangu. Nifanyeje? – Dereva wa fuso, Sikonge

Hili ndilo eneo ambalo kesi nyingi zinashinda au kuanguka, na washtakiwa wengi huliacha lipite kimya.

Kwanza uliza nani alichora na nani alimwonyesha. Askari aliyefika baada ya saa nzima hakuona mgongano, ameonyeshwa na mtu. Kama aliyemwonyesha hatatoa ushahidi, ramani imesimama juu ya maneno ya mtu asiyekuwepo. Pili, tazama vipimo: upana wa lami, umbali wa kutoka ukingoni hadi alama ya mgongano, urefu wa alama za matairi, na kitu kisichohama kilichotumika kuanzia kupima, mfano jiwe la kilomita au nguzo. Kila herufi kwenye mchoro iwe na maelezo yake. Ramani yenye A, B na X bila kusema ni nini haimsaidii mtu.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuweka alama ya mgongano pale magari *yaliposimama*. Fuso lenye mzigo haligandi lilipogonga. Linaburuza, linazunguka, linaweza kuishia upande wa pili. Mahali pa kweli pa mgongano hujulikana kwa vioo vilivyovunjika, udongo mkavu ulioanguka kutoka chini ya mabodi, mafuta au maji yaliyoanza kumwagika, na mikwaruzo kwenye lami. Mtume ndugu yako akapige picha kesho asubuhi, apime kwa futi ya fundi, picha zionyeshe na kitu kisichohama. Mvua ikinyesha mara moja, au barabara ikiwa ya changarawe, alama hizo hazipo tena.

Usitengeneze gari wala kubadilisha breki kabla ya mkaguzi wa magari kulikagua. Ukisema breki zilifeli na gari likakutwa gereji limefungwa pedi mpya, umejimaliza. Ripoti yake itenganishe hitilafu iliyokuwepo kabla ya ajali na iliyosababishwa na ajali. Kama haitenganishi, muulize akiwa kizimbani.

Mahakamani, ramani ikitolewa, hakimu atauliza kama una pingamizi. Hapo ndipo pa kusema, si wakati wa kujitetea. Ikishapokelewa kuwa kielelezo, inatakiwa isomwe kwa sauti na kuelezwa mbele yako, Mahakama ya Rufani ilishaliweka hilo wazi. Na kwenye usikilizwaji wa awali, pale unapoulizwa mambo usiyobishania, kubali jina lako, tarehe na kwamba ulikuwa unaendesha. Usikubali "eneo la ajali ni kama lilivyo kwenye ramani" kwa kutaka kuonekana mstaarabu.

Kijana wangu alirekodi video kwa simu. Itakubalika? – Mfanyabiashara, Igunga

Ndiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo, mradi mahakama iridhike ulivyorekodiwa, ulivyohifadhiwa na kwamba haujachezewa. Aliyerekodi aje mwenyewe na simu ileile. Video isikatwe, isiwekewe maandishi. Ikitumwa kwa WhatsApp inabanwa na kupoteza taarifa za saa na tarehe, kwa hiyo nakala ya WhatsApp si ya kutegemea, faili la kwanza libaki kwenye simu. Na asirekodi huku anaendesha. Tumeona shahidi akigeuka mshtakiwa kwa hilo.

Nimepigwa tochi 71 sehemu ya 50. Trafiki anasema hiyo tayari ni hatari kwa umma. – Mwenye gari ndogo, Kaliua

Mwendo wa kupita kiasi ni kosa peke yake. Kuugeuza kuwa hatari kunahitaji mazingira: watoto wanatoka shule, gulio limejaa, baiskeli za mkaa ziko pembeni, vumbi limeziba. 71 saa nane usiku kwenye barabara tupu na 71 mbele ya shule saa saba mchana si kesi moja. Kuhusu tochi yenyewe, uliza picha inaonyesha namba ya gari, mwendo, saa na mahali, kama lilikuwa gari moja kwenye picha au mawili, na kibao cha 50 kinaanzia wapi na kama kilikuwa kinaonekana.

Usilipe notifikesheni, yaani karatasi ya faini ya papo kwa papo, unayoipinga, kwa sababu kulipa ni kukubali. Mwambie askari kwa heshima kwamba unataka kwenda mahakamani. Kwa wenye bodaboda na bajaji wanaosoma hapa: faini yenu ya papo kwa papo ilishushwa 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa.

Nasikia Marekani kuna kosa linaloitwa kuendesha kwa ubabe. Sisi tunalo? – Mwanafunzi wa sheria

Kwa jina hilo, hapana. Arizona, kwa mfano, wanataka mwendo wa kupita kiasi pamoja na angalau makosa mengine mawili kati ya yaliyoorodheshwa, na uwe tishio la papo hapo kwa mtu au gari. Kwetu ubabe unagawanywa: mwendo, kupita pasiporuhusiwa, uzembe, hatari, ulevi wa zaidi ya miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Mwendesha mashtaka mzuri huweka makosa kadhaa kwenye hati moja, kila moja na maelezo yake. Tunaona ni afadhali hivyo, mshtakiwa anajua anajibu nini.

Nilikiri wiki iliyopita bila kuelewa, nikafungiwa leseni. Bado kuna njia? – Kondakta aliyekuwa dereva, Tabora

Kama bado hujavuka siku kumi, nenda leo kwa karani uwasilishe taarifa ya kusudio la kukata rufaa, kisha una siku 45 tangu uamuzi kuleta rufaa yenyewe. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, na ya hukumu hazihesabiwi, lakini usikae bila kuziomba: omba kwa barua na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Hoja yako haitakuwa "sikufanya", itakuwa moja kati ya hizi: kukiri kulikuwa na utata, hukuelewa kosa, au maelezo uliyosomewa, hata yakikubaliwa yote, hayaoneshi kosa lililoandikwa. Ukipata mwenendo, tafuta mstari unaosema ulivyojibu baada ya kusomewa maelezo. Ukiona pameandikwa "ni kweli" na pakaishia hapo, ilhali ulieleza jambo zaidi, mpelekee wakili ukurasa huo kwanza. Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi inakwenda Mahakama Kuu, na kwa Tabora kanda iko hapahapa mjini. Wakati unangoja, usishike usukani.